Dawa Iliyopewa Jina Langu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima, na lile bega lililokuwa likikusumbua limetulia. Mama hajambo, ila usingizi hapati. Baba ndiye hali yake si nzuri. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenichekesha tu, na leo sitaki kucheka.

Tumemlaza hospitalini tangu wiki iliyopita. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji. Daktari alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini mzee ameacha vidonge vyake vya homa ya ini. Nikamjibu hajaacha, maana mimi ndiye ninayemchukulia. Akanionyesha majibu ya damu. Virusi vilikuwa vimepanda tena.

Ulipokuja kunitembelea maabara, ulisimama karibu na vizimba vya panya ukaniuliza maswali mpaka wenzangu wakanitania kwamba nimepata mrithi. Nilifurahi, sikufichi. Nilikueleza kwamba kemikali tunayoitoa kwenye ule mzizi inapunguza makovu katika ini la panya, ila kwa binadamu bado hatujui. Nikakueleza pia kwamba mzizi wenyewe ukichemshwa hivihivi una sumu inayoliumiza ini hilohilo, ndiyo maana tunahangaika kuitenganisha. Ukasema umeelewa.

Jana nilikuwa nambadilishia baba shuka. Akanishika mkono, akaangalia mlangoni kwanza, kisha akaninong'oneza, "Mama, ile dawa yako imeisha. Nifanyie mpango wa nyingine."

Nikamuuliza dawa gani. Akasema ile ya chupa, ninayoitengeneza kazini na kukupa wewe umpelekee. Ulimwonya asiitaje kwa mtu, hata kwangu, nisije nikafukuzwa kazi. Ukamwambia nimeagiza aache vidonge, eti havipatani nayo. Amekuwa akivitupa chooni, mdogo wangu, na kuvumilia uchungu wa ile dawa ili anilinde mimi.

Nilimwambia si yangu. Akanipigapiga kiganjani, akasema, "Najua, mama. Wewe hujui kitu."

Chupa nimeinusa. Ni mzizi wetu. Na muuguzi wa wodi ameniambia shangazi yake anainunua kwako, kwa kuwa aliambiwa nimeipika mimi.

Angenifanyia hivi mtu baki, ningelia yakaisha. Wewe nimekubeba mgongoni. Jina langu, ambalo baba analiamini kuliko daktari, umelitia kwenye chupa ukamnywesha.

Mama sijamwambia. Daktari amemrudishia vidonge, lakini nikigeuka tu anavitema. Anasubiri chupa yangu. Mimi hanisikii tena, kila ninachosema anaona naficha siri. Kwa hiyo njoo, umwambie wewe kwa kinywa chako, wakati bado ana nguvu za kumeza.

Nisalimie mkeo na watoto. Wao sina neno nao.

Ni mimi,
Dada yako