Nilivyofiwa Vitongoji

Shikamoo dada Neema. Huku Pemba mvua inanyesha na jua linawaka papo hapo.

Ofisi yetu ya makaburi ya vita imenituma Vitongoji kusafisha jiwe la askari wa bara aliyezikwa hapa zamani za Vita Kuu. Nikiwa nasugua ukungu kwa brashi, akaja Bi Time, jirani wa kaburi.

"Marehemu nani yako?"

"Si mtu wangu, bibi. Niko kazini."

"Hatoki mtu bara kuja kumwogesha asiye wake. Na pua ndiyo hiyo hiyo!"

Pua ya askari yule hakuna aliye hai aliyeiona! Lakini adhuhuri nilikuwa nimekalishwa mkekani, mimi Petro, hitima inasomwa, pilau mbele yangu, watu wananipa pole. Nikieleza habari za ofisi, wanasema huzuni imenichanganya.

Mzee mmoja akanishika mkono. "Tulikuwa tukimwombea sisi, tukijua ipo siku mtakuja." Hapo nikalia kweli, dada, nikaomba radhi kwa kuchelewa.

Mwambie mama tumefiwa, ila asishtuke, ni zamani. Wabusu watoto.

Mdogo wako, Petro