Ukiisikia, Itoe

Mpendwa mshauri, nakuandikia mbio mbio kwa sababu sikukuu ni wiki ijayo na naomba msaada wako kabla ukoo mzima haujajazana nyumbani kwa bibi, maana tatizo langu ni keki, na tafadhali usicheke.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye naishi naye pamoja na wanangu, ameoka keki ya tende kila sikukuu tangu sijazaliwa, na mwaka huu akatangaza mbele ya watu wote kwamba amechoka, na jiko ananiachia mimi, si mama zangu wadogo, si wifi yangu mke wa kaka ambaye alishaanza kununua vyombo vya kuokea, bali mimi fundi cherehani, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, kumbe kuna jambo nimewaficha, kwamba tangu yale mafua makali yaliyonilaza miezi iliyopita pua yangu haisikii kitu, si kitunguu, si manukato, wala shati la mteja nililoliunguza kwa pasi hadi mwenyewe akaniuliza, "Fundi, hicho kinachonuka si changu kweli?"

Vipimo vyote ninavyo kichwani, tende, siagi, mayai, ganda la chungwa, ila nilipomuuliza bibi inakaa jikoni dakika ngapi akanijibu, "Dakika ni za mabasi, mjukuu wangu. Keki ukiisikia, itoe," na oveni yenyewe ni ya gesi, ya zamani, namba za moto zimefutika zote. Na kweli yeye ndivyo alivyokuwa akifanya, anafukuza kila mtu jikoni, anainamisha shavu kwenye mlango wa oveni, anafoka, "Nyamazeni huko, siisikii!" mpaka mjomba akawa anatania kwamba mama yake ana pua inayosusa ikipigiwa kelele.

Nimejaribu mara mbili, bibi akiwa sebuleni na televisheni yake ambayo siku hizi majirani nao wanaifuatilia bila kutaka, na keki ya kwanza ikawa mkaa, ya pili nikaogopa nikaitoa mapema, wifi akatumbukiza kijiko katikati akasema, "Wifi yangu, hii ni keki au ni uji uliovaa koti?" nikacheka naye huku naumia, na bibi akauliza, "Anasemaje huyo?" ikabidi nipaze sauti, "Anasema tamu, bibi!"

Sasa nimezungumza na mwoka mikate wa mtaa wa pili anitengenezee keki ya tende, niipitishe mlango wa nyuma, niiweke kwenye sinia la bibi kama yangu. Nikisema ukweli jiko litakwenda kwa wifi na bibi ataona alichagua vibaya, nisiposema naogopa ataonja tonge moja tu anikazie macho mbele ya watu. Nifanye nini?

Pua Bubu

*

Pua Bubu,

Pole kwa kuugua. Nimemaliza pole, sasa tuongee.

Una mtungi wa gesi ndani ya nyumba, una watoto, una bibi mzee, na huwezi kusikia harufu ya gesi ikivuja. Hilo hukuliandika popote. Umeandika kuhusu wifi. Kabla ya keki yoyote, mwite fundi akague mpira na kiunganishi cha mtungi, funga gesi kila ukimaliza kupika, na waambie wote mnaoishi nao kwamba pua yako haifanyi kazi ili wao wanuse kwa niaba yako. Kisha nenda hospitali. Pua iliyonyamaza kwa miezi si jambo la kuvumilia kimyakimya kama kiatu kinachobana.

Tuje kwenye keki. Umesema bibi alikuwa akiinamisha shavu. Mtu anayenusa hutanguliza pua. Anayetanguliza shavu anatega sikio. Na anayenusa hahitaji watu wanyamaze. Bibi yako alisema "ukiisikia", nawe, kwa kuwa shida yako ni pua, ukaelewa harufu. Mjomba naye alielewa hivyohivyo, akatengeneza utani.

Sikutaka kubahatisha, kwa hiyo nimempigia simu mwoka mikate ninayemfahamu. Akaniambia, "Keki mbichi inaongea, ndugu yangu. Ndani inachemka, inatoa milio midogomidogo kama mafuta ya moto. Ikiiva inashusha sauti, unabaki kusikia tik-tik ya mbali. Ikinyamaza kabisa, umeshachelewa." Nikamuuliza kama wengi wanalijua hilo. Akacheka: "Wazee. Sisi tuna saa."

Masikio yako ni mazima, basi huna sababu ya kushindwa.

Lakini kuna la pili, na hapa sina uhakika, maana simjui bibi yako. Anayeoka kwa sikio, na ambaye sasa televisheni yake inasikika nyumba ya jirani, huenda hakuacha jiko kwa sababu ya uchovu. Huenda keki yake nayo iliungua siku moja mkiwa hampo. Mimi sijui. Wewe unaishi naye, unaweza kumuuliza.

Usimuulize mbele ya wifi wala mama zako wadogo. Zima televisheni, kaa naye jikoni, umweleze habari ya pua yako wewe kwanza, bila kuzungusha maneno. Akitaka kusema yake atasema. Asipotaka, mwache, na umwombe jambo moja tu: akae karibu na oveni siku ya kuoka. Pua yake bado inafanya kazi. Wewe tega sikio.

Mwoka mikate wa mtaa wa pili mwambie asioke. Keki ya kuingilia mlango wa nyuma ingemdanganya bibi na kukuacha na kazi ya kudanganya tena mwakani. Wifi mpe kazi ya kupokea wageni, ulimi anao. Na jaribu keki nyingine kesho, mchana, nyumba ikiwa tulivu.

Ila kwa bibi nenda leo. Kaa upande wa sikio lake linalosikia vizuri zaidi, umshike mkono, uongee polepole. Usimpigie kelele.