Mwenye Mbwa

Lusaka, 4 Februari 2024

Baba mukwe,

Nakusalimia kwa heshima. Masikio yanaendeleaje? Kifua kimetulia? Mimi niko muzuri, Mungu asifiwe. Barua hii ameichukua mama Florentine, anarudi Kashikishi kungojea serikali ifungue ziwa kwa uvuvi ili anunue samaki tena. Ningepiga simu, lakini najua wewe na simu hamusikilizani.

Nakuandikia juu ya Kapita. Kama unavyojua, kazi yangu hapa ni kupokea watu kwenye kliniki ya wanyama. Kila siku naona. Mutu akifika na mbwa mwenye asiransi, ile wanayoita bima, dokta anaanza kazi palepale. Asiye nayo anatoka inje kwanza, anapigia ndugu simu. Juzi mama mumoja alirudi na mbwa wake kwenye kitambaa vilevile alivyokuja naye. Ni mimi niliyemufungulia mulango.

Basi nikamufikiria Kapita. Mume wangu Willy alimuokota kambini Kenani, angali mutoto wa mbwa, na tangu Willy afariki, ndiye kitu chake pekee kinachopumua.

Kuna kontra mbili za asiransi, natuma vijitabu vyote. Moja inalipa ajali tu. Nyingine inalipa ajali na magonjwa. Kila mwezi nitalipa mimi. Lakini kuna ukurasa wa mambo wasiyolipa, herufi zake ndogo sana. Niliusoma nikalala. Wewe ulifundisha watu kusoma maisha yako yote. Chagua, ujaze karatasi, unirudishie.

Mukwe wako,
Gaëlle


Kashikishi, 21 Februari 2024

Mkwe wangu Gaëlle,

Salamu. Mimi ni mzima. Masikio hayajabadilika, kifua hakijambo. Natumaini nawe hujambo. Neno ni "mtu", si "mutu"; lakini mwandiko wako ni safi, na hilo linatosha kwa leo.

Vijitabu nimevisoma kwa msaada wa kamusi ya Kiingereza, tangu mwanzo hadi mwisho. Kijitabu cha bima husomwa kutoka nyuma. Mbele wameandika watakayolipa, pamoja na picha ya mbwa anayecheka. Nyuma wameandika wasiyolipa, na huko ndiko mkataba uliko.

Bima kubwa inasema italipa magonjwa. Kisha inaondoa ugonjwa wowote ambao mbwa alikuwa nao kabla, hata kama hakuna aliyeujua. Inaondoa ugonjwa utakaoonekana katika mwezi wa kwanza. Inaondoa meno. Inaondoa minyoo na kupe, kwa kuwa ni wajibu wa mwenye mbwa kuwazuia. Kapita ana minyoo na kupe, na jino lake moja limevunjika. Ukiondoa hayo yote, kinachobaki ni ajali, na ajali imo katika bima ndogo. Nimechagua ndogo.

Bima zote mbili hazimpokei mbwa wa kazi. Nililifikiria hilo, kwa sababu Kapita hulala karibu na boti zilizovutwa ufukweni, palepale ambapo Willy alikuwa akitengeneza injini. Jirani yangu Gustave, anayelinda ghala la samaki, aliniambia, "Mwalimu, huyo ni mlinzi. Usidanganye watu wa bima." Nikamjibu kwamba mlinzi hulipwa. Akasema, "Basi hata mimi si mlinzi. Muulize bosi wangu." Nimeandika kwamba Kapita hafanyi kazi.

Cheti cha chanjo nimekipata kwa Memory, binti anayetibu mifugo katika ofisi ya Nchelenge. Kimo ndani ya bahasha.

Penye jina la mwenye mbwa nimeandika Willy. Matanga hayajatolewa. Ukoo haujakutana kugawa vitu vyake, wala wewe hujafungwa mkononi ushanga mweupe wa kumwachilia mjane. Kwa hiyo kilicho chake ni chake bado. Mimi ni mtunzaji. Nimetia sahihi kwa niaba yake.

Baba mkwe wako,
Evariste


Lusaka, 17 Machi 2024

Baba mukwe,

Habari za siku nyingi? Natumaini umelala vizuri na chakula kinapita. Huku mvua ingali inanyesha, lakini niko na afya.

Karatasi niliipeleka biro ya asiransi. Kijana wa pale hakuuliza kitu, aliandika kwenye mashine kama ulivyoandika wewe. Namba ya simu waliweka yangu. Nilipofika nyumbani ujumbe ukaingia. Ulisema: "Asante Willy. Mbwa wako Kapita sasa ana bima. Tunakutakia maisha marefu pamoja."

Niliusoma nimesimama jikoni. Kisha nikaendelea kupika.

Ni hayo tu, baba. Kapita yuko na asiransi.

Mukwe wako,
Gaëlle


Kashikishi, 9 Juni 2024

Mkwe wangu Gaëlle,

Salamu. Mimi ni mzima. Wewe je? Baridi ya Juni imefika huku, na upepo wa ziwani hauniachii kifua.

Kapita amevunjika mguu wa nyuma, wa kushoto.

Ilikuwa asubuhi, penye mteremko wa barabara ya soko. Bwana mmoja kutoka Kabuta alikuja kwa baiskeli yenye vikapu vya samaki mbele na nyuma, bila breki. Kapita hajazoea kumpisha mtu. Ndiyo maana Willy alimwita Kapita, kama msimamizi wa kazi. Vyote vilianguka. Yule bwana aliinuka na kupiga kelele, "Mbwa gani huyu anasimama katikati kama polisi? Ona samaki wangu!" Mama mmoja muuza samaki akamjibu, "Samaki wako walikwisha kufa zamani, baba. Mwangalie mbwa." Watu walicheka. Nami nilimbeba.

Memory alimpapasa, akaniambia kama mjukuu kwa babu, "Bashikulu, ni mfupa wa paja. Mimi ninaweza kufunga tu. Kuunganisha kwa chuma ni Lusaka." Alifunga. Ameandika cheti chenye tarehe na sababu, na amegonga muhuri. Ni ajali, si ugonjwa, ilitokea miezi kadhaa baada ya mkataba kuanza, hakuwa kazini. Nimeupitia tena ukurasa wa mambo yasiyolipwa, sikuona linalotuhusu. Peleka cheti, wakubali, nami nitamleta kwa basi.

Mbwa halii. Hula akiwekewa.

Baba mkwe wako,
Evariste


Lusaka, 7 Julai 2024

Baba mukwe,

Nakusalimia. Pole na baridi. Pole na Kapita. Mimi mwili ni muzima.

Wamekataa.

Walipiga simu wakasema wanataka kuongea na Willy. Nikasema hayuko. Wakauliza atarudi saa ngapi. Nikasema ukweli. Yule dada kwenye simu alisema pole, akaomba cheti cha kifo. Nilipeleka. Waliangalia tarehe.

Baba, si ule ukurasa wa nyuma. Iko katikati, mahali wanapoeleza maana ya maneno. Imeandikwa kwamba kontra inakufa siku mwenye mbwa anapokufa. Yetu ilikufa kabla ya kuanza. Hawakunitukana. Walisema watarudisha nilichokwisha kulipa, na kwamba tunaweza kuanza nyingine kwa jina la mutu aliye hai, anayekaa nyumba moja na mbwa. Lakini mguu huo sasa watauhesabu kuwa ugonjwa wa zamani. Hawataugusa.

Jina lile niliona siku ile ninapeleka karatasi. Nilishika kalamu. Lakini mukwe hafuti kitu ambacho baba mukwe ameandika. Nikaacha.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima: matanga yatatolewa lini? Ni zaidi ya miaka miwili.

Mukwe wako,
Gaëlle


Kashikishi, 4 Agosti 2024

Mkwe wangu Gaëlle,

Salamu. Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima.

Habari za bima nimezipata. Mbwa anatembea kwa miguu mitatu.

Umeuliza juu ya matanga. Jambo hilo huamuliwa na baba wa marehemu, nami sijaamua. Mwanamke haulizi. Vifaa vya injini vya Willy vimo katika sanduku lake, sanduku limo chumbani mwake, na mlango una kufuli. Hakuna anayeteseka kwa sababu hiyo.

Baba mkwe wako,
Evariste


Kashikishi, 13 Oktoba 2024

Mkwe wangu Gaëlle,

Salamu. Mimi ni mzima. Je, wewe ni mzima? Nauliza kwa sababu mama Florentine amekwenda Lusaka na kurudi, akaenda tena na kurudi, na mara zote mikono mitupu. Nilimwuliza kama alikuona. Akasema, "Nilimuona, mwalimu. Amenona kidogo. Alinipa salamu tu, hakunipa karatasi."

Memory amefungua bendeji. Mfupa umeshikana, lakini vibaya. Mguu umegeuka nje. Akilala juu yake huamka na kuzunguka, kisha hulala tena. Memory anasema maumivu hayo hayataisha yenyewe.

Nimekisoma tena kijitabu, sehemu ya katikati ambayo niliiruka kwa kudhani kwamba maana ya maneno ninaijua. Sentensi yao haina kasoro. Mwenye mbwa akifariki, mkataba unakoma. Niliisoma kwa sauti, ingawa sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri. Kampuni haikukosea.

Kula hakunipi ladha, lakini ninakula. Niandikie hata mistari miwili.

Baba mkwe wako,
Evariste


Lusaka, 3 Novemba 2024

Baba mukwe,

Jambo baba. Nimepokea barua zako zote. Samahani kwa kunyamaza. Afya iko. Wewe kula, hata kama ni kidogo, na usilale bila kufunika kifua.

Sikuandika kwa sababu kila barua niliyoanza iliishia kwenye mbwa, na mimi nilitaka kusema kingine. Sasa nasema. Kuna mwanaume anaitwa Carlos, anatoka kwetu Kilwa, ile ya Kongo, ngambo ya ziwa, anashona viatu karibu na kliniki. Ameniomba. Nilimwambia siwezi kujibu, mukono wangu haujafungwa ushanga. Alisema atangoja. Ni mwaka sasa anangoja, na mimi sijui kama namupenda au ninapenda tu mutu anayengoja. Tangu Willy, vitu vingi sivisikii. Ninaosha vyombo, ninaona vimekauka, sikumbuki kuviosha.

Sikuombi umusahau mutoto wako. Naomba uniachilie.

Na Kapita. Dokta wetu ameona picha aliyotuma Memory. Anasema anaweza kuuvunja mguu upya na kuunganisha na chuma. Atanikata katika mushahara kidogo kidogo. Lakini siwezi kuja kuchukua mbwa wa ukoo wako bila kupewa. Ningekuwa mwizi. Na ukisema hapana kwa yote mawili, nitakuheshimu, lakini sitaandika tena, baba, kwa sababu sitakuwa na kitu cha kuandika.

Mukwe wako,
Gaëlle


Kashikishi, 12 Januari 2025

Gaëlle,

Salamu kwako na kwa Carlos. Mimi ni mzima. Kifua kimeanza na mvua, lakini ninajifunika.

Tangu mrudi Lusaka na Kapita, baada ya matanga kutolewa, nyumba imekuwa na nafasi. Ziwa bado limefungwa, kwa hiyo watu wapo, na wale waliokuja kwenye matanga wanapita bado kunisalimu. Wanasema yalifanyika vizuri. Nakubali kwamba yalifanyika kwa utaratibu. Shangazi Rosaria anajisifu kila mahali kwamba fundo la ushanga alilokufunga halina mwanamke wa kulifungua. Ben, aliyegawiwa vifaa vya Willy na ukoo, amevitumia kwenye boti ya kwanza, na injini iliwaka. Nilikwenda kutazama. Nilitazamia kwamba nitasikia kitu moyoni. Sikusikia. Labda kitakuja baadaye, labda hakiji.

Chumba nimekiacha wazi. Kufuli nimempa Gustave kwa ajili ya ghala lake. Anasema sasa amepata kazi ya kweli.

Umenipa habari kwamba dokta amekwisha kuuvunja mguu na kuuunga, na kwamba Kapita alimwuma Carlos siku ya pili. Mwambie Carlos ni dalili njema. Mbwa huyo hawaumi wageni, huwabwekea tu.

Karatasi mpya uliyonitumia nimeisoma mara tatu, pamoja na sehemu ya katikati. Penye jina la mwenye mbwa nimeandika jina lako, kwa kuwa ulipewa mbele ya ukoo, na mbwa anakaa kwako. Penye anwani nimeandika Lusaka. Sikutia sahihi, ni wewe unayepaswa kutia. Nimechagua bima ndogo tena, kwa sababu zilezile.

Sasa sikiliza kuhusu mambo yasiyolipwa. Wameuondoa mguu wa nyuma wa kushoto, pamoja na nyonga yake, na maumivu yoyote yatakayotokana nao, mpaka mwisho wa maisha ya mbwa. Usibishane nao, wana haki. Miguu mitatu ina bima. Huo wa nne usikatwe katika mshahara wako peke yako. Ziwa likifunguliwa nitakuwa ninampa mama Florentine gunia la samaki wakavu kila anaposafiri. Uza, umlipe dokta. Usiniandikie barua ya kukataa. Mguu huo ni wetu.

Baba yako,
Evariste