Bibi Hakuwa Anaimba

Kwako Kabula, mwanangu wa kwanza,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema ili hilo tulimalize. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Kila nikifika kwenye neno lenyewe, mtandao wako unaanza kusumbua, mtandao uleule ambao dakika mbili kabla ulikuwa unaniulizia bei ya mchele hapa Nyasubi bila shida yoyote. Karatasi haikatiki. Kaa chini usome.

Hii ni wiki ya tano tangu nirudi Kahama na hasira yangu haijapoa. Wenzangu sokoni wananiuliza Ulaya kukoje, nawaambia kuzuri, wala siwadanganyi. Hicho kisiwa chenu cha Bornholm ni kizuri. Mumeo alinipokea vizuri, kitanda kilikuwa laini, na mjukuu wangu Minza, wajina wangu, nilimla mashavu hadi nikashiba. Sina ugomvi na Denmark. Nina ugomvi na wewe.

Uliniambia, "Mama, kesho tunaenda kuogelea baharini," nami nikategemea mchanga. Tukafika kwenye miamba mitupu ya kijivu inayoteremka hadi majini, na watu wamelala juu yake kama michembe, vile vipande vya viazi tulivyokuwa tunaanika kwenye mawe kijijini kwetu Didia. Nilicheka. Nikaona ngazi ya chuma imepigiliwa mwambani, nikaona boya jekundu limetundikwa kwenye nguzo. Nikakwambia hawa watu wanajua kutunza uhai wa mtu, na ukafurahi kana kwamba nguzo ile uliichimbia wewe.

Kisha mkwe wangu akavua shati. Akavua na suruali, akabaki na kichupi cha bluu.

Kabula, nilikuomba tangu jana yake. Nilisema nitakuja, ila mkwe asivue nguo mbele yangu. Ukacheka, ukasema, "Mama, huku mambo hayo hayapo." Mambo hayo yapo popote nilipo mimi. Nimezeeka nikiwapisha wakwe zangu njia, nao wakinipisha. Lakini sikugomba, nilikuwa mgeni. Nilimfunga Minza mgongoni kwa kanga, nikakaa nimeelekea mwamba, bahari nimeipa kisogo, nikawa namtajia mtoto majina ya watu wa kwetu mmoja mmoja. Nyuma yangu nilikusikia unacheka majini. Halafu sikukusikia tena.

Nilingoja. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwamba nilingoja kwa kuona haya kugeuka. Maji yalikuwa yanapiga mwamba na wewe kimya. Nikasema liwalo na liwe, nikageuka. Hukuwepo. Mumeo hakuwepo. Kulikuwa na taulo lako mwambani na maji matupu.

Nikapiga mwano.

Najua neno lenyewe umeshalisahau, kwa hiyo nitakukumbusha, na nitakukumbusha kwa habari yako mwenyewe. Ulikuwa na miaka minane. Tulikuwa kwenye machimbo kule Geita, mimi nikiwapikia wachimbaji ugali na maharage kwenye kile kibanda cha maturubai. Mvua zilikuwa zimejaza maduara ya zamani, yale mashimo ambayo watu walishatoa dhahabu wakayaacha wazi, na nilikukataza kuyasogelea hadi mate yakanikauka. Ukaenda kuoga na wenzako. Akaja mmoja wao mbio, ameloa, akaniambia, "Mama Kabula, Kabula amezama, haibuki."

Mimi sijui kuogelea. Nilisimama ukingoni mwa lile duara, maji mekundu hayaonyeshi kitu, nikapiga mwano. Ni yowe, ndiyo, lakini si kila yowe ni mwano. Didia mwano ukilia, mtu anaacha jembe, anaacha chungu motoni, hata mliyegombana naye anatoka. Asiyetoka anatozwa faini, na baada ya faini anabaki na aibu. Hakuna anayesimama kuuliza kwanza kuna nini. Unakwenda, kuna nini utajua ukifika.

Na pale machimboni walikuwa nani? Wahaya, Wachaga, Waha, watu wa Pwani, watu ambao Kisukuma walikijua kwa kutukania tu. Wakatoka wote. Mzee Hamisi wa Ujiji alikuwa anakwenda kuswali Ijumaa, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Hakuvua. Aliruka nayo, akazama mara mbili, mara ya tatu akatoka na mkono wako. Ulitapika maji miguuni pangu nami nikakuzaba kofi kabla ya kukukumbatia. Kanzu ile niliifua mara tatu kwa sabuni ya mche, tope likakataa kutoka kifuani. Nikampelekea jogoo na wali, nikamwambia, "Mzee, nimekuharibia nguo." Akasema, "Hili doa ni la Kabula, mama. Liache." Aliivaa hivyohivyo miaka yote.

Alipofariki mwaka juzi nilikupigia kukupa taarifa. Ukaniuliza, "Mzee Hamisi yupi, mama?"

Nilinyamaza siku ile. Leo sinyamazi.

Usiniambie basi kwamba wale watu wa mwambani hawakujua lugha. Mzee Hamisi naye hakuijua. Nilipopiga mwano waliinuka wakakaa. Kijana mmoja alitoa vidude vya masikioni, akanitazama, akavirudisha. Mama mmoja alikusanya vitu vyake akahama mwamba. Boya lilikuwepo, ngazi ilikuwepo, mtu wa kusimama ndiye hakuwepo. Nikapiga tena, Minza mgongoni anatetemeka nami, sauti inatoka tumboni hadi nikahisi koo linachanika.

Ndipo akaja yule bibi. Unajua alitokea wapi? Kule mwisho kabisa, zaidi ya ile miamba mikubwa, peku, na umri wake hauko mbali na wa marehemu mama yangu. Aliteleza, akajichuna muundi, damu ikawa inashuka, na hakuitazama. Alifika akanishika mkono. Mimi nilinyoosha kidole majini, na hilo likatosha. Hakuuliza. Akashuka ile ngazi akaingia kwenye maji baridi akiwatafuta mtoto na mkwe wa mtu asiyemjua.

Na ninyi ndipo mkatokea upande wa pili wa mwamba, vichwa viwili, mnacheka. Mlikuwa mmekwenda kuangalia pango.

Sikutaka unipigie magoti. Ningeridhika hata ungesema "pole mama." Ulipanda ngazi umekunja uso ukaniambia, "Mama, nyamaza, unanitia aibu." Halafu ukawageukia wale waliokaa, waliotazama, yule wa vidude vya masikioni na yule aliyehama, ukawaomba radhi. Nilikuuliza ndani ya gari, "Umewaambia nini?" Ukasema, "Nimewaambia mama yangu ametoka mbali, hajazoea bahari."

Kuzama hakuna wa kukuzoea, Kabula. Mimi nilikuwa nimekuzoea wewe ukiwa hai. Na radhi hiyo ulimwomba hata yule bibi, damu inamtiririka mguuni, ukamwomba kana kwamba nimemtapeli. Yeye hakuondoka. Alikaa karibu yangu, akanifunika taulo lake mabegani, yeye ndiye aliyeloa na mimi ndiye mkavu, tukawa tunatetemeka wawili. Wewe ulikuwa unakunja mkeka.

Hayo yote ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi. Lakini jioni ile, tuko mezani, Minza alikuuliza kitu kwa lugha ya huko huku ananionyesha kidole, ukamjibu, mkacheka na baba yake. Nikakuuliza amesemaje. Ukasema, "Anauliza Bibi alikuwa anafanya nini kule. Nimemwambia Bibi alikuwa anaimba."

Nilikula viazi vyangu nikamaliza. Hukujua umefanya nini. Yule mtoto sikio lake lilikuwa mgongoni mwangu. Ameusikia mwano kutoka ndani ya mwili wa bibi yake, hakuna mtu Didia aliyefunzwa vizuri kuliko hivyo, na wewe umemwambia ule ni wimbo. Siku moja atausikia kwa mtu mwingine, kwa lugha yoyote ile, atakaa kwenye taulo lake asikilize wimbo.

Uliniandikia ujumbe nilipofika nyumbani. Ukasema nijaribu kuelewa, ukasema huko kuna namba ya kupiga mtu akipata dharura. Namba ni nzuri, sikatai. Ila simu ilikuwa ndani ya mkoba wako, imefungwa kwa alama ya kidole chako, na kidole chako mimi nilijua kiko chini ya maji.

Aibu ninayo pia mimi, nisikufiche. Mwano nilioupiga haukuwa na maafa. Didia wangeniwekea kikao, nami ningekaa nikatozwa faini yangu kwa adabu. Lakini ningejua waliokuja. Na ukiniuliza kama ningeupiga tena siku ileile, maji yaleyale, ningeupiga mapema zaidi, kichupi au bila kichupi.

Sasa nisikilize. Ule mfuko wa michembe niliokuletea, uliouweka juu ya kabati la jikoni ukasema tutapika wikiendi, bado upo, najua upo. Uteremshe. Ioshe, ichemshe hadi ilainike, tia karanga za kutwanga na chumvi kidogo. Usiweke vile viungo vyako. Weka kwenye bakuli lenye mfuniko, mchukue Minza, mwende mwambani. Yule bibi haji pale kwa bahati, alikuwa na kigoda chake na chupa yake ya chai kama mtu wa kila siku. Mpe kwa mikono miwili. Kwetu aliyeitika mwano haondoki mikono mitupu, na wangu ana wiki tano anasubiri.

Mtazame muundi umeponaje. Kisha chuchumaa, umwambie Minza hapohapo mbele yake kwamba Bibi hakuwa anaimba. Mwambie Bibi alidhani wewe mama yake unakufa, akaita watu, na huyu ndiye aliyekuja. Mwambie kwa lugha zote mbili.

Ukishafanya hivyo nipigie, tutaongea bei ya mchele na lolote utakalo. Kabla ya hapo usijisumbue. Si kwamba nimekutupa, mtoto hatupwi, hata jina langu mtaani ni lako. Ila naogopa. Niliona wangapi walitoka, niliwahesabu. Siku utakapolia wewe huko, mimi nitakuwa hapa Nyasubi napima mchele, na sitasikia. Atakayesikia ni mmoja, na mpaka leo hujamuuliza jina lake.

Mimi mama yako,
Mama Kabula