Maji Ndani ya Dizeli, na Wageni wa Sikitu

Mbingu, njia ya Mlimba kwenda Ifakara,
Jumanne, 17 Juni 2025.

Mpendwa dada Luciana,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Maswa. Shikamoo dada, na shikamoo nyingi kwa shemeji. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wako uliokuwa unavimba umepungua? Mtama mmeshavuna? Mimi ni mzima, ila uchovu umeniingia mpaka kwenye mifupa.

Barua hii anakuletea Omega, yule kijana wa Malampaka anayechunga ng'ombe huku. Anaondoka kesho. Simu najua ipo, lakini kwenye simu mimi na wewe tunasalimiana mpaka inakatika, na jambo hili lina maneno mengi.

Ni habari ya binti yangu Sikitu. Nimeambiwa wazee wa kijana anayetaka kumwoa wanakuja Jumamosi tarehe 28 kuongea mahari, na Sikitu amesema hatajitokeza mbele ya wageni kama baba yake hayupo. Nilifurahi sana kusikia, dada, halafu nikaogopa. Hapa nilipo siwezi kutoka.

Bosi alikubali niondoke tukishafikisha mpunga wa mwisho Ifakara. Tuliupakia Chita kwenye Kenta, Valeriani dereva na mimi utingo wake. Hatukwenda mbali, gari likaanza kuzima. Linatetemeka, linazima, ukiliwasha linakwenda kidogo, linazima tena. Kwenye dashibodi taa ya njano ilikuwa imewaka tangu tulipotoka Chita, na Valeriani alikuwa ameibandika kipande cha plasta. Nilipomuuliza akasema, "Inanichoma macho. Hiyo ni njano tu, Mashimba. Ikiwaka nyekundu ndiyo tunasimama."

Hapa Mbingu likagoma kabisa, mbele ya banda la Marsiana, mama anayeuza chakula. Valeriani akasema ni betri. Tukaomba maji ya moto tukasafisha vichwa vya betri, kisha tukasukuma pamoja na watu waliokuwa wanasubiri ugali. Wapi! Marsiana akacheka mpaka akashika kiuno. "We Msukuma, leo unachunga gari? Lifungulie likale majani, labda lina njaa!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini?

Fundi Evarist akaja na pikipiki kutoka Ifakara. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, kikamwonyesha kwamba mafuta hayafiki vizuri kwenye injini. Akaibandua ile plasta.

"Hii ni taa ya maji kwenye dizeli," akasema. "Mafuta mlinunua wapi?"

Nilinunua mimi, dada. Kule tulikopakia wanauza kwenye madumu kando ya barabara. Wavuvi wa huku hufunga madumu matupu kwenye nyavu yawe maboya, na kifuniko kikilegea maji yanaingia. Wakimaliza kuvua, dumu hilohilo linatiwa dizeli. Nilipokuwa namimina nilisikia harufu ya samaki. Nikadhani ni mikono yangu, maana tulikuwa tumetoka kula kambale.

Evarist alifungua chujio akamimina kilichokuwamo kwenye chupa ya maji. Dizeli ikapanda juu, chini yakabaki maji na mchanga. "Nyie hamkuuziwa mafuta," akasema, "mmeuziwa mto."

Tukamwaga tanki lote, tukaliosha, fundi akaweka chujio jipya na kutoa upepo kwenye mipira ya mafuta. Likawaka! Marsiana akapiga vigelegele. Nikapanda juu ya magunia, moyo wangu ukiwa umeshafika Maswa. Hatukufika hata darajani. Likagonga ndani kama mtu anayepiga sufuria, likazima. Evarist akajaribu tena na tena, mwisho akafuta mikono na kusema pampu ya dizeli imeharibiwa na yale maji. Trekta ndiyo iliyotuvuta kuturudisha hapa kwa Marsiana.

Valeriani alikwenda na pampu Ifakara. Huko wameshindwa, imepelekwa Morogoro. Mimi nimebaki na mpunga. Nikiuacha utaibwa, na itasemwa Msukuma kauza kisha kakimbia. Nikikaa, siku zinakwenda. Nilimwomba bosi alete gari lingine, amesema hana. Kila asubuhi naingia kwenye usukani nazungusha ufunguo, nikijua kabisa kwamba pampu haimo.

Sasa dada, wewe ndiye shangazi yake na wazee wanakusikiliza. Wageni wakitangulia kufika, wapokeeni vizuri, wapeni maziwa, wapeni chakula, ila neno la mahari msilijibu mpaka jua lizame. Likizama sijaonekana, kaka asimame mahali pangu. Sikitu mwambie sikukataa kuja. Mwambie atoke mbele ya wageni hivyohivyo, hata kama analia. Asije akakosa mume mwema kwa sababu ya dumu nililonunua mimi.

Nisalimie sana mke wangu Rosemery, mwambie suruali alizonishonea bado nazivaa. Msalimie kaka, mama mkubwa, na watoto wote. Mungu awape afya, mvua ya kutosha na usingizi wa amani.

Pampu ikirudi Jumatatu kama walivyosema, Ijumaa tarehe 27 jioni mtaniona hapo nyumbani. Isiporudi, dada, sina tarehe nyingine ya kukuandikia.

Mdogo wako akupendaye, aliyeishiwa ujanja,
Mashimba