Hesabu Iliyosahau Mchanga

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mwezi wangu unanitoa jasho. Si huu unaouona juu ya bati. Ni mwingine wa mawe, wa sayari ya mbali. Ulizaliwa uji wa moto, ukapigwa mawe mpaka ukapasuka. Ngozi ikapoa, lakini ndani miamba iliendelea kujipasha joto yenyewe, mwisho ikairarua ngozi na kutapika. Natafuta ulichukua muda gani kupoa.

Kama mfano wake, naomba unisubie tufe la chuma, upana dhiraa moja, ulimimine kwenye kalibu ya mchanga. Yakipita masaa mawili, litoe mchangani, ulitoboe, upime joto la katikati. Nimepiga hesabu: litakuwa limeganda lote.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anauliza unakula nini huko, kwenye picha umebaki shingo tu.

Mimi chuma huacha mchangani hadi kesho yake, na kazi hii niliianza wewe hujazaliwa. Lakini msomi ni wewe. Nimewatambia kiwanda kizima kwamba binti yangu anapima mwezi na fundi wake ni mimi. Jumamosi tunamimina.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani. Mama kanieleza kwenye simu: macho yote mawili.

Nimerudia hesabu. Niliipiga kana kwamba tufe linaning'inia hewani. Nilisahau mchanga, baba! Mchanga ulilifunika kama blanketi, joto halikuwa na pa kutokea. Naacha chuo. Kuja nyumbani naogopa.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kalamu anashika mama yako. Maneno makali alitaka kuyaruka, nimemkataza.

Nilipiga nyundo mara moja tu. Gamba likapasuka, uji ukamwagika kwenye sakafu yenye maji, ukalipuka. Nilisikia uso wangu ukikaangika. Nilikutukana matusi ambayo baba hamtukani mwanawe, na wiki nzima nilitamani kukupiga hadi mkono uchoke. Kisha nikajiuliza: mchanga nani aliujua, miaka thelathini? Ni mimi. Nilikudokezea tu, nikaacha kusisitiza kwa majivuno ya kuwa na binti msomi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Huo mwezi wako hauna vumbi na kifusi juu? Kama unavyo, basi nao ulipoa polepole kuliko ulivyoandika. Rudi chuo ukarekebishe.

Lakini kwanza njoo. Kofi lako lipo, sikufichi, na baada ya kofi nitakukumbatia. Ila sikuoni tena, mwanangu, kwa hiyo itabidi usogee mwenyewe.

Baba yako