Majina Arobaini na Moja ya Wamaza

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Mwezi wa pili kazini, na leo nimesifiwa! Programu yangu ya orodha ya watakaopewa mbegu inatembea. Familia zote za vijiji vya Wamaza alizoandika Faradji — yeye ndiye anayezunguka vijijini na pikipiki — zimeingia ndani. Majina kadhaa yalijirudia, programu ikayafuta yenyewe. Shefu wetu Clovis alicheka: wajanja wa kuchukua mara mbili wamepata dawa yao. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Alhamisi, 5 Septemba
Ugawaji wa Wamaza umeharibika. Faradji alipiga simu, kelele tupu nyuma yake. Watu arobaini na mmoja wana karatasi zao za kuandikishwa mkononi, majina hayapo kwenye orodha. Karanga na mahindi yamepita mbele ya macho yao — na mvua zimeshaanza! Clovis anasema programu ilifuta marudio tu; hawa Faradji kawafuta baadaye, kwenye orodha aliyokwenda nayo, ili aingize ndugu zake. Nikarudi kwenye kazi yangu. Sikujua bado, naapa.

Ijumaa, 6 Septemba
Sasa najua. Kosa ni langu.

Niliandikia programu: jina lile lile, kijiji kile kile, basi ni mtu yule yule — la pili lifutwe. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni Lubumbashi, nami nikameza bila kutafuna. Lakini kule Wamaza mjukuu hupewa jina la bibi yake, jina zima, akikua anaolewa nyumba nyingine kijijini na kulima shamba lake. Binti Amisi bibi kapata mbegu. Binti Amisi mjukuu, mama wa watoto wanne, hakupata. Na mimi je? Asma, mjukuu wa Asma! Bibi ananiita somo kila asubuhi. Mjinga mimi.

Nimesahihisha. Dakika mbili. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 7 Septemba
Faradji amesimamishwa. Alikuja kurudisha ufunguo wa pikipiki. Akainama mezani kwangu, sauti ya chini: "Dada Asma, weye ndiye unajua mashine. Angalia muzuri. Utaona kama mimi sikufuta mutu." Nikasema nitaangalia.

Nitaangalia! Na nilishaona jana. Naona haya hata kuliandika.

Jumapili, 8 Septemba
Sikula. Bibi kauliza ninaumwa nini. Nikasema malaria. Baba ameshautangazia msikiti mzima kazi yangu.

Jumatatu, 9 Septemba, birô, ofisini kwetu
Naandika chini ya meza. Kikao; Faradji naye kaitwa. Binti Amisi mjukuu amekuja kwa miguu kutoka Wamaza, siku mbili, mtoto mgongoni. Clovis alimuuliza nani alimfuta. Akajibu akimwonyesha Faradji kwa kidole: "Huyu aliniandika, niliona na macho yangu. Kunifuta, sijui. Mashine iko ya ule dada."

Clovis kaniamuru nifungue programu mbele ya wote. Simu yake ikalia, katoka nje.

Nikifungua hii mpya niliyosahihisha, itaonyesha majina yote arobaini na moja yapo, haijamfuta mtu hata mmoja. Faradji kwisha. Ile ya zamani bado ninayo, hapa hapa kwenye ordinateri, mashine yangu ya kazi. Nikiifungua, kwisha mimi. Bado sijafungua yoyote, kila mtu anangoja.

Faradji kainuka, kanivutia kiti mbele ya mashine. "Ikala muzuri, dada. Usiogope. Sema tu ile mashine inaonyesha."

Asante, nimemwambia. Clovis amerudi, anafunga mlango —